Kutambua Bakteria wa Kifua Kikuu: Kila Kipimo na Swali Lake

Swali la mfano (alama 4)
Mvuvi wa dagaa katika kisiwa cha Bumbire, wilayani Muleba, amekohoa kwa wiki tatu, hutokwa jasho usiku na amepungua uzito. Makohozi yake yamepimwa kwa hadubini na majibu ni hasi. Wenzake kambini wanasema hana kifua kikuu, arudi ziwani. Je, wako sahihi? Toa sababu.

Kabla ya kujibu, pitia hoja zifuatazo.

1. Sifa za bakteria
Kifua kikuu cha binadamu husababishwa hasa na *Mycobacterium tuberculosis*. Robert Koch alitangaza ugunduzi wake mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Bakteria huyu:
- ana umbo la kijiti chembamba, urefu wa mikromita 1 hadi 4;
- huhitaji oksijeni, na hushambulia zaidi mapafu;
- hujigawa polepole, mara moja kwa saa 15 hadi 20;
- ana ukuta wenye mafuta mengi mfano wa nta.

2. Hadubini: je, vijiti vinaonekana?
Nta huzuia rangi za kawaida kupenya. Hivyo hutumika njia ya Ziehl-Neelsen:
(a) Paka makohozi kwenye kioo, yakaushe, kisha yapitishe juu ya moto yashike.
(b) Mwagia rangi nyekundu ya karboli fuksini, pasha moto hadi itoe mvuke.
(c) Osha kwa mchanganyiko wa asidi na alkoholi. Seli nyingine hupoteza wekundu. Bakteria huyu hapotezi.
(d) Ongeza rangi ya bluu ya methilini.

Matokeo: vijiti vyekundu juu ya bluu.

Zingatia: Hadubini huhitaji takriban bakteria 10,000 katika mililita moja ya makohozi. Wakiwa wachache, majibu huweza kuwa hasi. Tena, bakteria wa ukoma naye huonekana mwekundu.

3. Vinasaba: ni yeye, na je, ni sugu?
Mashine ya GeneXpert hutafuta vinasaba vya bakteria na kutoa majibu kwa takriban saa 2. Hutambua bakteria wachache zaidi, na huonyesha usugu dhidi ya dawa ya rifampisini. Haitofautishi bakteria hai na mfu.

4. Kuotesha: je, yu hai?
Makohozi huoteshwa kwenye chakula cha Löwenstein-Jensen, chenye mayai, kwa nyuzi 37 za Selsiasi. Kwa kuwa bakteria hujigawa polepole, majibu huchukua wiki 3 hadi 8. Anayeota ni aliye hai tu, na dawa mbalimbali huweza kujaribiwa juu yake.

Jibu la mfano
Hawako sahihi. Majibu hasi ya hadubini yanaonyesha kuwa vijiti havikuonekana (alama 1). Huenda bakteria ni wachache mno (alama 1). Dalili zinaendelea, hivyo apimwe vinasaba au makohozi yaoteshwe (alama 1). Akirudi kambini bila uhakika, anaweza kuwaambukiza wanaolala naye banda moja kwa njia ya hewa (alama 1).

Kosa la kawaida: kuandika "hasi, kwa hiyo ni mzima". Kwanza jiulize kipimo kilijibu swali gani.

Jipime
1. Kwa nini hatua (b) huhitaji moto?
2. Mgonjwa amemaliza dozi. Kwa nini GeneXpert haifai kuthibitisha kupona kwake?