Kijana Mkatoliki na Tamasha la Mashabiki: Swali Lililoulizwa Kwenye Foleni



Kabla hujaendelea, fungua Biblia yako usome Lk 19:1-10, halafu 1Kor sura ya 8 yote. Ni dakika tano tu. Leo tunajifunza jambo ambalo vijana wengi wanalo moyoni lakini wanaogopa kumuuliza Padre: je, ni halali Mkatoliki kwenda kwenye haya matamasha ya mashabiki wa anime, katuni na gemu? Yaani yale ya watu kuvaa mawigi ya bluu, kubeba mapanga ya sponji, na kupanga foleni kutwa nzima ili wapige picha na mtu aliyevaa kama mhusika wanayempenda.

Mambo haya si mageni kama wazee wetu wanavyodhani. Mwaka 1939 mashabiki wa hadithi za sayansi walikutana New York, na wawili kati yao, Forrest J Ackerman na Myrtle Douglas, walikuja wamevaa mavazi ya watu wa karne zijazo. Wenzao walivaa suti. Mwaka 1970 ukaanza mkutano wa San Diego kule Marekani, watu mia tatu hivi kwenye hoteli; siku hizi unapokea zaidi ya 130,000. Tokyo wakaanza Comiket mwaka 1975, ambako wachoraji wa kawaida wanauza vitabu vyao wenyewe. Kwetu Afrika Mashariki, Nairobi ndiyo imetangulia, na ndiko nilikokwenda mimi.

Nilikwenda kwa ajili ya mdogo wangu. Ana miaka 17, anachora kuliko anavyosoma, na tangu apate Kipaimara amekuwa akienda Misa kama mtu anayelipa deni. Mama alikuwa ameona kwenye daftari lake kijana mwenye pembe na meno ya chui, akasema haya ni mashetani na daftari lichomwe. Mdogo wangu akajibu kwamba likichomwa, kanisani hatakanyaga tena. Mama akaniambia, "Baba, wewe ndiye mkubwa, nenda naye ukaone kwa macho yako." Basi tukapanda gari Arusha siku ya Ijumaa, tukavuka Namanga, tukalala kwa shangazi yetu Kangemi, na Jumamosi asubuhi tukawa Westlands, kwenye ukumbi wa maonyesho wa Sarit.

Wapendwa, ule umati! Nimezoea Misa ya Krismasi, nimezoea stendi ya mabasi, lakini hii ilikuwa kitu kingine. Foleni ilizunguka. Mbele yetu alikuwepo mwanajeshi wa anga za mbali aliyetengenezwa kwa maboksi na rangi ya kupuliza. Nyuma yetu, mama mmoja na binti yake wa miaka kama tisa, wote wawili wakiwa na masikio ya paka. Ndani, muziki, taa, meza za stika na fulana, watoto wanagombania gemu, joto la watu. Saa moja ya kwanza nilikuwa natafuta tu mahali pa kuweka mguu.

Tukiwa bado kwenye foleni, mdogo wangu akanigeukia. Hakuwa anatania. Akasema, "Kaka, niambie ukweli. Hii ina tofauti gani na Namugongo? Kule nako watu wanasafiri siku nzima, wanapanga foleni, wanavaa fulana zenye picha, wananunua sanamu, wanapiga picha nazo. Kwa nini kule iwe utakatifu, hapa iwe ushetani?"

Hilo ndilo swali la somo letu. Ni swali zuri, na kijana anayeuliza hivyo bado yuko mlangoni, hajaondoka. Ukimjibu kwa kumkemea unamsukuma nje.

Tuanze na hofu ya Mama, maana inastahili heshima. Kule Korintho Wakristo waligombana juu ya nyama iliyotolewa kwa miungu ya uongo. Wenye elimu walisema: sanamu si kitu, nyama ni nyama, tule. Mtume Paulo anakubali kwamba sanamu si kitu. Lakini anawauliza: na yule ndugu ambaye jana tu alikuwa anaiabudu ile sanamu, akikuona umekaa mezani, dhamiri yake itakuwaje? Pembe kwenye daftari ni wino. Mchoro wa shetani si shetani. Makanisa mengi yana Malaika Mikaeli anayekanyaga joka, na joka lazima lichorwe na mtu. Ila Mama amekulia karibu na nyumba za waganga, ameona familia zikivunjika. Kwake pembe si mchezo. Kumwambia "Mama umepitwa na wakati" ni kuwa sahihi juu ya nyama na kumkosea ndugu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mdogo wangu ilikuwa kukaa na Mama, kabla ya safari, amsimulie hadithi ya huyo kijana mwenye pembe ni nini hasa, nani mwema, nani mbaya, inaishaje. Alifanya hivyo siku mbili mfululizo. Mama hakuipenda, lakini alielewa.

Kuna mpaka hata hivyo. Ndani ya ukumbi tulikuta meza moja ya kadi za kubashiri, mtu anakaa na kukutabiria. Hapo hatukusimama. Katekisimu, namba 2116, inakataa aina zote za uaguzi, na haijalishi kama kadi zimechorwa vizuri. Kuchora mchawi ni sanaa. Kumlipa mtu akusomee kesho yako ni jambo jingine kabisa.

Pili, je, kucheza ni kupoteza muda? Hapa watu wengi wanashangaa nikiwaambia kwamba Mt. Thoma wa Akwino alishalijibu hili karne ya 13. Anaandika katika Summa (sehemu ya pili ya pili, swali la 168) kwamba roho inachoka kama mwili unavyochoka, na mapumziko yake ni mchezo na furaha. Anasimulia kisa cha zamani cha Mt. Yohane Mwinjili: watu walikwazika kumwona akicheza na wanafunzi wake, naye akamwomba mmoja wao mwenye upinde apige mshale, kisha mwingine, kisha mwingine, halafu akamuuliza kama anaweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule akasema upinde utavunjika. Na Thoma haishii hapo. Anasema mtu asiyecheza kabisa, na anayewaharibia wengine furaha yao, naye ana kosa. (Mpelekee mwenyekiti wa jumuiya yenu hiyo, kwa upole.) Ila anasema pia kwamba kuzidisha ni kosa kubwa zaidi. Mt. Carlo Acutis, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alipenda gemu kama ninyi, na alijiwekea saa moja tu kwa wiki. Hakuziona gemu kuwa dhambi. Alitaka kubaki bwana wa muda wake.

Sasa turudi Namugongo. Katekisimu, namba 2132, inafundisha kwamba heshima tunayotoa kwa sanamu au picha haiishii kwenye mti au karatasi. Inapita, inamfikia yule aliyechorwa. Mtaguso wa pili wa Nisea uliamua hivyo mwaka 787. Basi jiulize: heshima inayopitia kwenye picha ya Mt. Kizito inamfikia nani? Inamfikia kijana halisi, wa umri wa miaka kama 14, aliyebatizwa na Mt. Karoli Lwanga kule Munyonyo usiku ule walipojua kwamba kifo kiko mbele yao, akachomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Yuko hai kwa Mungu. Anatuombea. Na shangwe inayopitia kwenye bango la shujaa wa anime inamfikia nani? Inarudi. Huyo shujaa ametungwa, pengine kwa ustadi mkubwa, pengine amekufundisha ujasiri kuliko mahubiri mengi, lakini hajui kwamba upo. Unaweza kumpenda miaka kumi. Hatakuombea hata dakika moja.

Mdogo wangu alinikatiza hapo. "Lakini wale watu wa kwenye foleni wapo, Kaka. Wao wananijua."

Alikuwa na hoja, na mchana ule ilithibitika. Kulikuwa na meza ya dada mmoja mchoraji, Mkenya, anayeuza vitabu vyake vya katuni alivyochora na kuchapisha mwenyewe. Mdogo wangu alisimama pale kama robo saa bila kusema neno, mwisho akatoa daftari kwenye begi. Yule dada aliacha kuhesabu chenji. Akapitia kurasa zote, moja moja, watu wanasukumana nyuma yetu. Akamuuliza jina lake. Akamwonyesha mahali ambapo mkono umechorwa mfupi mno na namna ya kuupima kwa kulinganisha na uso. Kisha akamwambia arudi mwakani na hadithi iliyokamilika.

Nilikumbuka Zakayo. Umati wote wa Yeriko ulimwona mtu mfupi, mtoza ushuru, kero. Yesu akasimama chini ya mkuyu, akatazama juu, akamwita kwa jina, akajialika nyumbani kwake. Soma pia Mk 5:25-34: umati unamsonga Yesu pande zote, wanafunzi wanashangaa anauliza nini, na yeye anatafuta uso wa mwanamke mmoja aliyemgusa. Bwana wetu katika umati hutafuta mtu mmoja. Parokiani kwetu mdogo wangu alikaa kwenye kwaya miaka mitatu. Walijua sauti yake ni ya pili. Nje ya nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuomba kuona daftari. Sasa tukilalamika kwamba vijana wanakimbilia kwa mashabiki, tuangalie kwanza nani aliyetazama juu ya mti.

Na Kanisa, tukubali, limeanza kutazama. Kuelekea Jubilei ya 2025, Vatikano ilimtambulisha Luce, msichana mhujaji aliyechorwa kwa mtindo huu huu wa anime: koti la mvua la njano, buti zenye tope, fimbo ya safari, na ndani ya macho yake ganda la kombe, alama ya zamani ya mahujaji wa Santiago de Compostela. Aliyemchora ni Mwitaliano Simone Legno. Mwaka 2024 ofisi ya Vatikano inayoshughulikia uinjilishaji ilikwenda na banda lake Lucca Comics & Games, tamasha kubwa la mashabiki kule Italia, na kumpeleka Luce huko. Wapo waliokasirika, wakasema ni utoto. Mimi naona ni Zakayo tena: ukitaka kula naye, ingia nyumbani kwake.

Nilipomweleza haya mdogo wangu kwenye basi la kurudi, hakusema nimeshinda. Aliuliza tu kama inaruhusiwa kumchora mtakatifu kwa mtindo wa manga. Sasa anamchora Kizito, amefika ukurasa wa sita. Misa bado anakwenda kwa kuburuza miguu, sitaki kuwadanganya. Lakini ameniuliza Lwanga alitumia maneno gani kubatiza, maana anataka kuyaandika kwenye kiputo, na hilo ni swali la katekesi.

Kama unataka kwenda, haya niliyaona yana maana. Nenda na mtu anayekupenda, mkubaliane mapema mahali pa kukutana, maana simu zinakosa mtandao watu wakijaa. Vaa viatu ulivyovizoea, beba maji. Weka fedha ya matumizi pembeni na nauli mfuko mwingine, na fedha ya matumizi ikiisha, imeisha. Wenye matamasha wana kanuni nzuri sana ambayo hata sisi tungefaa kuiiga: humgusi wala humpigi picha mtu kabla hujamwomba, hata akiwa amevaa nini. Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu (1Kor 6:19), wa kwako na wa kwake. Na ukichagua vazi, chagua ambalo ungeweza kukutana nalo na katekista wako mlangoni bila kujificha.

Jambo la mwisho ni Dominika. Matamasha mengi ni Jumamosi na Dominika, na foleni inaanza asubuhi mapema. Sisi Dominika tuliamkia Misa ya kwanza pale Consolata Shrine, Westlands, tukiwa bado na bangili za karatasi mkononi, kisha tukaenda kupanda basi. Kama ratiba inakubana, Sheria ya Kanisa, kanuni 1248, inakuruhusu kutimiza wajibu wako kwa Misa ya Jumamosi jioni. Ulizia saa za Misa za parokia iliyo karibu na ukumbi kabla hujanunua tiketi. Ukishaingia ndani na ile mizigo yako ya sponji, kutoka ni shughuli.