Treni Inajuaje Mahali pa Kusimama?

Treni inayokwenda kilomita 160 kwa saa hupita zaidi ya mita 44 kila sekunde. Gurudumu lake la chuma linabingirika juu ya reli ya chuma, na vyuma hivyo viwili havishikani sana. Faida yake ni kwamba mzigo mzito unavutwa kwa nguvu ndogo. Hasara yake huonekana wakati wa kusimama: breki zikikazwa kupita kiasi, gurudumu hujifunga na kuteleza. Tuchukulie kwamba breki zinapunguza mwendo kwa mita 0.7 kwa sekunde, kila sekunde. Zidisha mwendo kwa wenyewe, kisha ugawe kwa mara mbili ya kiwango hicho cha kupungua: jibu, yaani umbali wa kusimama, ni kama mita 1,400. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali huo unakuwa mara nne. Hakuna dereva anayeona kilomita moja na nusu mbele yake kwenye kona, usiku, au mvua inaponyesha.

Kwa hiyo lazima aambiwe. Lakini aambiwe na nani?

Vifaa vilivyo ardhini vinajua kipande kipi cha njia kina treni, njia panda imeelekezwa wapi, mteremko uko wapi na mpaka wa mwendo kwenye kila kona ni upi. Havijui treni inayokuja ina uzito gani wala breki zake zina nguvu kiasi gani. Treni nayo inajua urefu wake, mwendo wake na breki zake, ila haijui kilichoko mbele. Hesabu ya mahali pa kuanza kufunga breki inahitaji pande zote mbili. Taa ya kijani kando ya reli haitoshi, kwa sababu inasema na macho ya dereva mara moja tu. Hali ikibadilika akishaipita, hana habari.

Reli ya SGR ya Tanzania, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, ilijengewa mfumo wa Ulaya wa kudhibiti treni, ETCS, ngazi ya 2. Hapa kompyuta ya ardhini huitumia treni kwa redio kibali cha mwendo. Kibali hicho ni umbali wenye mwisho: nenda hadi hapa, usivuke. Kinaambatana na miteremko na mipaka ya mwendo iliyomo njiani. Kompyuta ya ndani ya treni huanzia kwenye huo mwisho na kupiga hesabu kurudi nyuma, ikitafuta kwa kila mita mwendo mkubwa kabisa unaoruhusu kusimama kwa wakati. Dereva akiuvuka, anaonywa. Akiendelea, treni hujifunga breki. Naona ni busara hesabu hiyo kuachiwa treni, kwa kuwa ndiyo yenye breki.

Sasa swali gumu zaidi: treni inajuaje iko wapi? Kwenye mataruma, katikati ya reli mbili, kumefungwa kifaa bapa kiitwacho balisi. Aina yake ya kawaida haina betri wala waya wa umeme. Antena iliyo chini ya treni hurusha nguvu kwa masafa ya megahezi 27, balisi huamka kwa nguvu hiyo hiyo na kujibu kwa megahezi zipatazo 4.2, ikitaja utambulisho wake. Ujumbe wake hauzidi biti 1,023. Balisi mbili zikifuatana, mpangilio wake unaonyesha pia treni inaelekea upande gani.

Kati ya balisi na balisi, treni hufanya kama mtu anayehesabu hatua gizani: inahesabu mizunguko ya magurudumu, mara nyingi ikisaidiwa na rada. Gurudumu likiteleza, hesabu inapotoka. Kanuni za ETCS zinaruhusu kosa la mita 5 pamoja na asilimia 5 ya umbali uliopitwa, yaani mita 55 baada ya kilomita moja. Treni haifichi shaka hiyo. Inapokaribia mwisho wa kibali, hujihesabu kana kwamba pua yake iko mbele kabisa ya eneo la shaka. Ikipita juu ya balisi nyingine, shaka inashuka tena hadi mita 5.

Mahali pake hupelekwa ardhini kama umbali kutoka balisi fulani, na ardhini kuna ramani ya balisi zote. Hata hivyo, katika ngazi ya 2 ardhi haitegemei neno la treni peke yake. Vifaa vya reli, kwa mfano vile vinavyohesabu ekseli, hulinganisha zilizoingia kwenye kipande na zilizotoka. Behewa likikatika na kubaki nyuma, hesabu hailingani, na kipande hicho kinabaki kimefungwa.

Redio ikinyamaza kupita muda uliowekwa, treni hufunga breki. Lakini upo ukimya mwingine ulio mbaya zaidi. Oktoba 2017, kwenye njia ya Cambrian huko Wales, kompyuta ya ardhini ilijiwasha upya, na mipaka ya muda ya mwendo haikupakiwa. Skrini ya waongozaji wa treni walio ardhini ilionyesha kwamba imo. Vibali viliendelea kwenda kwenye treni, vikiwa sahihi kwa sura, na treni moja ilipita kivuko cha Llanaber kwa takriban kilomita 80 kwa saa mahali palipotakiwa 30. Hakuna aliyeumia. Kasoro iligunduliwa kwa sababu dereva mmoja alitoa taarifa kwamba skrini yake haionyeshi inavyopaswa.

Treni ilitii kila ilichoambiwa. Haikuwa na njia ya kutofautisha mpaka usiokuwepo na mpaka uliopotea. Wachunguzi wa Uingereza walisema palihitajika ukaguzi huru wa kuthibitisha kwamba data imepakiwa kweli. Ukaguzi huo unastahili kuwemo katika kila mfumo wa aina hii, kabla abiria wa kwanza hajapanda.