Msimamizi wa Maafisa Ustawi wa Jamii Afundishwe Nini?

Afisa ustawi wa jamii akipandishwa cheo kuwasimamia wenzake hupewa barua ya uteuzi, na mara nyingi maandalizi huishia hapo. Kesho yake anakagua takwimu na fomu ambazo hazijajazwa. Hajafundishwa kuuliza swali zito kuliko yote: mtoto huyu ana ndugu gani, na nani kati yao ameshatafutwa?

Swali hilo lina mizizi katika sheria. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, na haki ya kutoa maoni. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, ya mwaka huohuo, inataka kumtenga mtoto na familia kuwe hatua ya mwisho.

Mafunzo yaanzie kwenye majalada ya ofisi yenyewe, majina yakiwa yamefichwa. Chukueni la mtoto aliyepelekwa kwenye makao ya watoto. Pengine lilianzia kwenye simu ya bure ya huduma kwa mtoto, namba 116. Lisomeni pamoja. Baba alipomkana mtoto, upande wa mama ulitafutwa? Shangazi anayeuza mboga aliulizwa, au alidhaniwa tu hana uwezo? Mtoto mwenyewe alisema nini? Hapo msimamizi hujifunza kuona pengo na kulitaja bila kumvunja moyo afisa, kwa sababu anayefokewa ofisini huenda kuifokea familia.

Kisha watoke. Msimamizi afuatane na afisa hadi nyumbani, amwachie mazungumzo, yeye atazame nani yuko kimya na nani anamjibia mtoto. Wajadiliane siku hiyohiyo. Ziara moja ya namna hii, kwa maoni yangu, inazidi semina ya siku tatu hotelini.

Lakini kuithamini familia si kumrudisha mtoto kwa aliyemdhuru. Msimamizi azoezwe kupima usalama kabla ya kuitisha kikao cha ukoo, na kusimama imara wazee wanapotaka mambo yaishe kimyakimya. Uamuzi mzito kiasi hicho asiachiwe afisa kijana peke yake. Ni mzigo unaowafanya wengi waichoke kazi mapema.

Wakuu wa idara katika halmashauri, mnapoandaa bajeti tengeni nauli ya msimamizi kwenda vijijini, na saa maalumu za kukaa na kila afisa. Saa hizo zisiliwe na vikao vingine.