Moyo Unaposimama Wakati wa Upasuaji wa Kujifungua: Nafasi ya Mashine ya Kukandamiza Kifua

Moyo wa mama kusimama juu ya meza ya upasuaji ni tukio la nadra, lakini huhatarisha maisha mawili kwa pamoja. Miongoni mwa visababishi ni kutokwa na damu nyingi, ganzi ya uti wa mgongo kupanda kupita kiasi, damu iliyoganda kuziba mishipa ya mapafu, na majimaji ya chupa ya uzazi kuingia katika mzunguko wa damu. Kwa kuwa baadhi ya visababishi hivyo hutibika, kifua hukandamizwa ili ubongo uendelee kupata damu wakati chanzo kikishughulikiwa.

Mikono hubaki kuwa msingi wa huduma hii. Kifua hukandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, kisha huachwa kirudi chote. Mkandamizaji hupokewa kila baada ya dakika 2, kwani uchovu hupunguza nguvu kabla mwenyewe hajautambua. Ikiwa mtoto bado yumo tumboni na mfuko wa uzazi umefika kitovuni au zaidi, mhudumu mwingine huusukuma upande wa kushoto wa mama ili usibane mishipa mikubwa ya damu. Moyo usiporejea, mtoto hutolewa papo hapo, kwa lengo la kukamilisha ndani ya dakika 5. Hatua hiyo humnusuru mama pia, si mtoto pekee.

Mashine ya kukandamiza kifua hutumia pistoni au mkanda mpana, na haichoki. Hata hivyo, tafiti kubwa za LINC (2014) na PARAMEDIC (2015), zilizohusu watu waliosimama moyo nje ya hospitali, hazikuonyesha kwamba mashine huokoa wengi kuliko mikono. Kwa wajawazito, tamko la Chama cha Moyo cha Marekani la mwaka 2015 halikuishauri, kwa kukosekana kwa ushahidi.

Mtoto akishatolewa, hali hubadilika. Ufufuaji ukirefuka, mashine yaweza kufikiriwa ili madaktari wapate nafasi ya kudhibiti damu tumboni. Timu iwe imefunzwa; ufungaji usisimamishe ukandamizaji zaidi ya sekunde 10; na pistoni ikae nusu ya chini ya mfupa wa kidari, kwani ikiteleza kuelekea tumboni yaweza kujeruhi ini. Aidha, jeraha lililoonekana kavu laweza kuvuja damu kwa nguvu mzunguko unaporejea. Kwa hiyo tumbo hukaguliwa upya kabla ya kufungwa.

Hospitali isiyo na mashine haijakosa tiba. Wahudumu waliokwisha kugawana majukumu na kufanya mazoezi pamoja ndio kinga ya kwanza ya mama. Familia nayo ina haki ya kuelezwa kwa lugha nyepesi kilichotokea, kilichofanyika na kinachofuata.