Puto la Dagoretti na Unyevu wa Pwani

Utabiri wa mvua hutegemea kiasi cha mvuke wa maji kilicho hewani. Kompyuta hukikadiria kwa hesabu, puto hukipima. Katika kituo cha Dagoretti, Nairobi, Idara ya Hali ya Hewa hurusha puto lenye kifaa kidogo cha redio. Likipaa, kifaa hutuma vipimo vya joto, shinikizo la hewa na unyevu, navyo hulinganishwa na makadirio ya kompyuta, tabaka kwa tabaka.

Lakini Dagoretti iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na zaidi ya nusu ya mvuke wa hewani kwa kawaida huwa chini ya mita 2,000 kutoka usawa huo. Puto hilo basi huanza safari likiwa limeshaipita hewa nzito ya unyevu, ile ambayo mkazi wa Malindi anaijua kwa jasho lake. Makadirio yakilingana na vipimo vya Nairobi, bado hayajathibitishwa kwa pwani.

Kituo cha Malindi hupima unyevu karibu na ardhi. Setilaiti hutazama kutoka juu. Katikati ndipo kompyuta inapoweza kukosea. Kwa hiyo mkulima wa Ganze au Magarini anayengoja masika asipande mahindi kwa utabiri wa msimu pekee. Afuatilie pia taarifa za kila wiki, kabla mbegu hazijaingia ardhini.