Je, mume wangu ameniletea fangasi?

*Daktari, ninauza chakula karibu na mpaka, Tunduma. Nilimaliza antibayotiki za kikohozi, sasa nawashwa ukeni na kutokwa uchafu mweupe, mzito. Mume wangu ni dereva wa lori. Ameniletea yeye? – Mama J.*

Pole, mama. Usimlaumu mumeo kwa dalili hizi peke yake. Huenda ni kandida, fangasi wa jamii ya hamira wanaoishi mwilini mwa wengi bila kudhuru. Antibayotiki huua pia bakteria wanaowazuia, nao wakazaliana. Ujauzito na kisukari huwapa nafasi hiyohiyo.

Acha kabisa kujisafisha ndani kwa sabuni. Nenda kituo cha afya upimwe. Klotrimazole ya kuweka ukeni huponya wengi. Ukiwa mjamzito, usimeze flukonazole bila ushauri. Ikirudiarudia, pima sukari na VVU. Ukipata homa au maumivu chini ya kitovu, nenda siku hiyohiyo.