Uvimbe wa ubongo umerudi, tufanye nini?

*Daktari, mume wangu ana miaka 52. Alipasuliwa uvimbe wa ubongo, glioblastoma, kisha akapata mionzi na vidonge. Sasa kichwa kinamuuma tena na MRI inaonyesha uvimbe umerudi. Bado kuna tiba? Mama J., Morogoro*

Pole sana, mama. Tiba zipo, ingawa si za kuuondoa kabisa. Lengo sasa ni kumpa muda na nafuu. Glioblastoma hurudi kwa sababu seli zake hujipenyeza ndani ya ubongo ambako kisu hakifiki. Hamkukosea popote.

Kwanza ulizeni: mionzi iliisha lini? Ikiwa haijapita miezi 3, athari za mionzi zinaweza kufanana na uvimbe kwenye picha, na kipimo hurudiwa.

Kama kweli umerudi, upasuaji wa pili hufaa pale uvimbe unapofikika na mgonjwa ana nguvu. Mionzi nayo huweza kurudiwa kwenye eneo dogo. Kwa dawa, kuna lomustini, au temozolomaidi tena, ikiwa ndivyo vidonge alivyopewa mwanzo. Bevasizumabu hupunguza uvimbe wa maji, lakini haijathibitika kurefusha maisha. Waombeni wapasuaji wa ubongo wa MOI, Muhimbili, na madaktari wa Taasisi ya Saratani Ocean Road wajadili faili lake pamoja. Akichagua tiba shufaa peke yake, yaani ya kumpa nafuu tu, mheshimuni.

Kama anatumia deksamethazoni, dawa ya kupunguza uvimbe wa maji kwenye ubongo, asiiache ghafla. Akipata degedege la zaidi ya dakika 5, usingizi mzito au kutapika mfululizo, mpelekeni hospitali mara moja, hata usiku.